Sifuri ya Kila Jumatatu

Lyon, 10 Februari

Mama mpendwa,

Naubusu mkono wako. Hujambo? Goti linasemaje na baridi hii? Sisi wazima, mkweo Bertrand amepona mafua. Dereva Gavrilă alileta kifurushi chako, na ile nyama ya moshi tumeila hata kabla sijavua koti.

Mama, sitakuficha. Juzi nilimpa Manon simu akusalimie, akanirudishia: "Bibi hajui kuongea." Ana miaka sita, hana ubaya. Kosa ni langu, sikumfundisha Kiromania chetu. Bertrand anasema Agosti twende baharini, tuje kwako Manon akikua. Eti wewe naye wiki mbili mtakaa mkitazamana tu. Sijaamua.

Mwanao, Lavinia

Botiza, 24 Februari

Lavinia mwanangu,

U mzima? Goti linauma lakini ng'ombe nakamua mwenyewe.

Eti sijui kuongea! Mimi niliyemnyamazisha meya mbele ya kanisa zima! Mwalimu wa shule ameniwekea kwenye simu programu ya kunyambua vitenzi vya Kifaransa. Nanyambua nikisonga ugali, mwiko mkono wa kulia, simu wa kushoto. Hao Wafaransa, Mungu awasamehe, kitenzi kimoja wanakivalisha nguo sita.

Jirani Pălăguța ananicheka: "We bibi kizee, unakwenda kuolewa Paris?" Nikamwambia, "Wivu huo! Wewe hata Kiromania hujakimaliza." Msikodi nyumba ya baharini.

Mama yako, Anuța

Lyon, 5 Mei

Mama mpendwa,

Naubusu mkono wako. Natumaini u mzima na ng'ombe amezaa salama. Sisi hatujambo.

Mwalimu alinipa jina lako la kwenye programu, nami kila Jumatatu asubuhi nakuchungulia nikinywa kahawa. Nilishaanza kukusifu kwa wenzangu kazini. Lakini Jumatatu tano sasa pale panapohesabiwa siku za kusoma mfululizo naona sifuri. Mama, usione haya kuacha. Miaka sitini na tisa si mchezo. Bertrand amepata nyumba pwani, anataka jibu mwisho wa mwezi. Nadhani nitamkubalia.

Mwanao, Lavinia

Botiza, 16 Mei

Lavinia,

U mzima? Mimi nilikuwa mzima mpaka barua yako ilipofika.

Sifuri! Kwani wewe umezaliwa wapi? Jumapili hapa nani anagusa kazi? Hatukati nyasi, hatushoni, hatufui hata soksi. Nikashike vitenzi? Padri aliniambia, "Kusoma si kazi, Anuța." Nikamjibu, "Baba, hebu nyambua kitenzi cha kwenda, halafu tuongee." Alijaribu maskini, jasho likamtoka, akasema nifanye nionavyo.

Basi Jumapili nazima simu. Jumatatu inanisuta kwamba nimepoteza siku zangu zote, nami naanza moja tena. Sijawahi kupita sita, na vitenzi mia mbili na kumi nimevimaliza. Ungechungulia Jumamosi ungeona.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa kumi, nipigie. Mpe Manon simu, wewe toka chumbani.

Mama yako

Lyon, 8 Septemba

Mama yangu,

Naibusu mikono yako yote miwili. Tumefika salama, jamu ya plamu haikumwagika. Goti lako likoje baada ya kukimbizana na mtoto mlimani?

Tangu ile Jumamosi ya Mei, Manon aliporudisha simu baada ya dakika arobaini akilalamika kwamba bibi anaongea mno, Bertrand hajataja bahari tena. Na wiki zile mbili za Agosti hapo kwako, mlipokuwa zizini mkimgombeza ng'ombe kwa Kifaransa, hakuna aliyeniita nitafsiri hata neno moja. Nilikaa uani nikalia, Mama. Najivunia kuzaliwa na wewe.

Sasa sikia. Manon ameniomba programu ya Kiromania. Ananyambua kila asubuhi kabla ya shule. Jana simu ililia kumkumbusha, baba yake akamwambia, "Haraka, utapoteza siku zako!" Manon akailaza simu kifudifudi, akakunja mikono kifuani kama wewe kabisa.

"Leo hapana, Baba. Kunyambua ni kazi. Sisi watu wa Botiza Jumapili hatufanyi kazi."

Asubuhi ya leo nimemchungulia Manon nikinywa kahawa. Sifuri. Nimewaonyesha wote kazini.

Mwanao, Lavinia