Kijiko Mkononi mwa Baba Mkwe

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeosha kitana tena. Uji wa ulezi umekaukia katikati ya meno yake pamoja na mvi. Nimeukwangua kwa kijiti. Nusura nitapike nyuma ya jiko.

Baba mkwe alipata kiharusi kabla ya harusi yetu. Tulidhani amepona, maana anatembea, anaongea, anaitikia shikamoo. Lakini kijiko anachania nywele. Kitana anachotea uji. Inatia kinyaa. Sina neno jingine.

Lucas wangu lakini. Leo kanichotea maji kabla sijaamka, na juu ya ndoo kaweka ua jekundu la mkrismasi. Mume wangu. Nikiandika neno hilo natabasamu peke yangu kama chizi.

Jumanne, 11 Novemba

Likizo ya Lucas inaisha Jumapili. Anarudi Kaliua kwenye kazi yake ya kuchomelea mageti. Chumba chetu huko amekwisha kukipata, kimepakwa rangi ya bluu, na mapazia nimeyachagua mimi. Kila nikilala nakiona.

Usiku amesema kwa upole kwamba kama Baba hawezi kula mwenyewe, itabidi mimi nibaki hapa Ntalikwa. Wifi Monika tunaishi naye, ila kutwa yuko shambani.

Yaani mapazia yatundikwe bila mimi. Nibaki na kitana cha uji. Nimeuma khanga ili Lucas asisikie.

Jumatano, 12 Novemba

Wifi kasema Baba anafanya makusudi. Kanionyesha. Aliinua kijiko mbele yake.

"Baba, hiki nini?"

"Kijiko. Mnaniona mtoto?"

"Cha kufanyia nini?"

"Cha kunywea uji, mama. Acha maswali ya kijinga."

Akakipokea. Akakichovya kwenye uji, akakipeleka kichwani. Uji ukateremka sikioni hadi kwenye kola.

"Umeona?" wifi akacheka. "Jina analijua, kazi yake anaijua. Anakukomoa wewe, bibi harusi. Hataki umchukue kijana wake."

Nimeamini. Nimemchukia. Nimemchukia huku nimepiga magoti, namfuta sikio kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti nisimguse.

Alhamisi, 13 Novemba

Damu. Amepiga mswaki kwa wembe.

Nilikuwa nimegeukia ukutani, nikasikia anakohoa. Mate mekundu kwenye sinia, kwenye sabuni, kwenye uji. Mdomo umechanika pembeni. Alikuwa ananitazama tu, wembe mkononi, kama anayesubiri nimwambie amekosea wapi. Mtu anayekukomoa hatazami hivyo.

Lucas alimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nikimshikilia. Hospitalini mjini alishonwa. Halafu dada mmoja wa mazoezi ya viungo akatuweka kwenye benchi. Akasema kwenye ubongo jina la kitu lina njia yake na mkono una njia yake. Ile ya jina kwa Baba ni nzima. Ile inayouambia mkono ushike wapi, ugeuke vipi, upeleke wapi, ndiyo imekatika. Akiona vitu vingi kwa pamoja, mkono unachanganya kazi zao.

Akauliza nani humhudumia, na kwa namna gani. Nikaeleza. Sinia moja yenye kila kitu, uji, kijiko, mswaki, kitana, wembe, ili nisiingie mara nyingi. Naweka, napiga magoti, nageuza uso. Ndivyo shangazi walivyonifunda, mkwe hatazamwi akila. Niliona fahari kutimiza hilo vizuri.

"Mpe kimoja kimoja," dada akasema. "Kaa mbele yake. Kula naye. Mkono wake ukikwama, ushike uuanzishe."

Nimshike mkono baba mkwe. Nimtazame mdomoni. Mwili wote ulinisisimka.

Ijumaa, 14 Novemba

Sikuthubutu. Wifi kampa uji kwa kumnywesha kama mtoto mchanga. Baba alifumba macho muda wote.

Jikoni nimejichunguza. Kikombe kilikuwa kimepinduliwa mdomo chini juu ya kichanja. Nilipokichukua, mkono wangu ulishajipindua kidole gumba chini, ili kikigeuka kikae sawa. Sikuuambia. Mwiko vivyo hivyo, niliukamata kwenye mpini huku namuwaza Lucas. Siku zote nimeishi na mikono inayojua mambo bila kunishirikisha. Nimeitazama hadi mboga ikaungua.

Jumamosi, 15 Novemba

Lucas kakubali nikae nile na Baba. Wifi hakukubali.

"Utamkodolea mkweo anavyotafuna? Wewe umefundwa na nani?"

Nikakaa hivyo hivyo. Bakuli mbili, vijiko viwili, hakuna kingine. Baba akainamisha uso kwa aibu. Nikala mimi kwanza. Akashika kijiko, kikaanza kupanda kuelekea kichwani. Nikamshika mkono.

Una jasho. Ngozi inateleza kama ya samaki. Nikausukuma kuelekea mdomoni, naye akameza. Uji ukamtoka kwenye mshono, ukachanganyika na mate, ukanidondokea kidoleni. Nilitaka kukimbia. Kijiko cha pili tena. Cha tatu tena.

Ila bila mkono wangu hawezi. Kwa mkono wa wifi anakasirika, anasukuma bakuli.

Jumapili, 16 Novemba

Lucas ameondoka. Alinishika uso kwa mikono miwili pale barabarani mbele za watu, hakujali. Mikono ile ina makovu ya cheche za moto. Naipenda yote.

Mapazia ameyabeba yeye.

Jumatatu, 17 Novemba

Asubuhi nimeona kinyaa kuliko siku zote. Pengine kwa sababu nimebaki. Nimemsukuma mkono kwa hasira, meno yake yakagonga kijiko. Hakulalamika. Jioni nimemshika kiwiko tu. Kikatosha.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Wifi kaenda kupanda.

Nimeweka bakuli zetu, nikakaa. Baba alikitazama kijiko kwa muda mrefu. Nikaiweka mikono yangu mapajani. Mkono wake ukaenda, ukakosea, ukashika upande wa kuchotea. Akauacha. Akaanza tena, akapata mpini. Akachota. Akala. Akala tena, polepole, mpaka bakuli ikafika nusu.

Halafu akachota, akanyoosha mkono kwangu.

"Kula, mkwe. Wako umepoa."

Kijiko chake. Mate yake pembeni, uzi mweupe ukining'inia. Nilifundwa mambo mengi, hili hawakulifikiria. Mkono wake haukukosea, ulikuja moja kwa moja mdomoni mwangu.

Nikafungua mdomo. Nikameza.

Uji ulikuwa wa vuguvugu.

Amekula mwenyewe. Naweza kuondoka kwenda Kaliua. Simu iko hapa pembeni na ina chaji. Sijampigia Lucas bado.