Mkono Wangu Hosteli ya Muaither

Mama yako atahutubia mkutano wa Washington! Binti yangu mimi, niliyeishia darasa la saba! Nimeshalitangazia kanisa zima hapa Abu Hamour. Hujambo, Nekesa mjukuu wangu? Huku Doha tu wazima, ila joto.

Umeuliza kwa nini mama yako anakasirika hivyo juu ya kura. Hasira hiyo ni yangu. Nilipokuwa kijana, mpishi katika hosteli ya wafanyakazi Muaither, huku huku Qatar, kamati ya hosteli ilitaka kutunyang'anya mapumziko ya Ijumaa, siku ambayo huku hata sisi Wakristo tunaenda kanisani. Wapishi tulikuwa na mjumbe wa kusema tu kwenye kamati, asiye na kura, ndiye mimi. Nikasema, wakanipigia makofi. Kura ilipofika, nikainua mkono.

"Dada, shusha. Wewe ni wa kusema tu," mwenyekiti akaniambia.

"Na nyinyi ni wa kula," nikawajibu. "Ijumaa mjipikie!"

Walikula wali uliorojeka Ijumaa mbili, ndipo wakauhesabu mkono wangu, na Ijumaa ikabaki yetu. Lakini yale makofi ya kunisifu huku wakininyima kura yananichoma mpaka leo.

Sasa nyinyi wa mji mkuu Washington mnalipa kodi kama watu wa majimbo yote, ila kwa kuwa mji wenu si jimbo, mjumbe wenu bungeni anasema tu, sheria ikipitishwa hana kura! Ni dharau. Waambie majirani wote: mkutano wa kudai Washington iwe jimbo ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi.