Njia Panda Niliyoiacha Bila Alama

S.L.P. 41,
Nyamira,
Wilaya ya Kisii.
31 Machi 1974

Mpendwa kaka Manasseh,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote huku nyumbani. Hujambo? Watu wa Kwale hawajambo? Na mguu unaendeleaje? Najua mvua zikianza huko pwani goti lako huwa halikupi usingizi, nami kila nisikiapo ngurumo huku nakukumbuka.

Sisi ni wazima. Esnah wangu hajambo, na mtoto ameanza kusimama akishika mguu wa meza. Mvua imekuja mapema, chai inachipua vizuri. Alhamisi iliyopita mama yako aliuza mikungu minne ya ndizi sokoni Daraja Mbili akarudi na shuka jipya. Kifua kilichomsumbua mwezi wa pili kimepona kabisa. Kwa hiyo ukiona barua ndefu usishtuke, hakuna msiba.

Mama yako mwenyewe yuko hapa ninapoandika. Ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, anachambua maharagwe. Amekuja tangu asubuhi, na amesema hataondoka mpaka barua hii ifungwe. Sababu yake utaiona.

Kaka, nimezunguka vya kutosha. Ni juu ya njia ya tatu.

Unakumbuka tulivyoanza ile kazi mwaka wa 1971, wewe mkuu wa kundi na mimi mdogo wako wa ukoo, mgeni uliyeniombea nafasi. Hifadhi ya wanyama huko Kwale ilitaka njia za miguu za wageni, na tulikuwa tukipanda mlima kila asubuhi na mapanga na mzigo wa vigingi. Njia ya kwanza tuliipitisha juu kwenye mgongo wa mlima. Siku tuliyofika kileleni, ukungu ukafunguka, nikasema mbingu ya huko imeshuka chini sana. Ukacheka mpaka ukakaa. "Alfayo, ile si mbingu. Ni maji." Ndiyo siku niliyoiona bahari mara ya kwanza, na ni wewe uliyenionyesha.

Njia ya pili ilikwenda kwenye nyika wanakokula majani palahala, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu. Ya tatu ilishuka hadi kwenye maporomoko, nayo ilikuwa na hatari moja tu: pale kwenye mvule mkubwa, ambapo njia ya tembo inaachana na yetu na kuingia korongoni. Njia ya tembo ni pana na safi kuliko yetu. Mgeni yeyote angeifuata.

Ijumaa ile ya Agosti ulinipa mkebe wa rangi nyeupe na brashi. Maneno yako nayakumbuka yote. "Mti ule upake pande zote mbili. Na ile njia ya tembo uifunge kwa matawi, usiiache wazi." Nikakujibu, "Sawa, kaka."

Sikuufikia ule mti. Jioni ya Alhamisi, kabla hujanipa mkebe huo, nilikuwa nimechota rangi yake kwa siri nikapaka sanduku langu la bati, maana likizo yangu ilikaribia na nilitaka kushuka kwenye basi Kisii na sanduku jeupe lenye jina langu ubavuni. Ijumaa rangi ikaniishia kabla ya mvule, kama mwendo wa nusu saa hivi. Ningeweza kwenda kukata matawi tu. Nikajiambia jua linashuka, Sabato inaingia, nitamalizia Jumatatu asubuhi. Nikamsingizia hata Mungu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na haya ya kukuambia rangi ilikwenda wapi. Uliponiuliza kambini nikakuambia, "Nimemaliza."

Jumapili wakaja yule mwalimu mstaafu na mkewe.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa kuwa uliyabeba mwilini. Saa kumi walikuwa hawajarudi. Ulishuka korongoni peke yako, ukatutuma sisi wengine upande wa maporomoko, na ukawakuta wameketi juu ya gogo, mama wa watu ameishiwa nguvu. Ukambeba mgongoni. Ulipokuwa unapanda naye pale penye mwamba wa utelezi ukaanguka, ukajigeuza ili yeye asiumie, na goti lako likavunjika. Tulikusikia kabla ya kukuona. Sauti ile, kaka, ninayo masikioni mpaka leo.

Hospitalini uliniuliza mara moja tu, kwa Kigusii ili wengine wasielewe. "Alfayo, ule mti uliupaka?"

Nikakujibu, "Niliupaka. Labda mvua imeosha."

Ukanitazama kidogo, kisha ukageuza uso ukutani. Sijui hata leo kama uliniamini au ulinihurumia. Msimamizi alipokuja kuuliza ni nani aliyekagua njia ya tatu, ulisema wewe ndiye mkuu wa kundi na kosa ni lako. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika chupa yako ya chai. Sikufungua mdomo.

Wewe ukaondolewa ukuu, ukawekwa getini kuinua na kushusha mti, na kwenye faili lako wakaandika kwamba u mzembe. Mimi nikapewa likizo yangu na barua ya kunisifu kuwa ni mtu mwangalifu. Barua hiyo ndiyo iliyonipa kiti cha ukarani katika ofisi ya miche hapa Kisii. Miaka miwili na zaidi nimekula mkate wako.

Huku nyumbani, habari ilifika kabla yako na kabla yangu. Watu walisema Manasseh alipewa cheo akalala. Mama yako hakukutetea, kwa kuwa hakuwa na neno la kukutetea nalo, na mimi niliyekuwa nalo nilikaa kimya. Kila Sabato nilimshika mkono baada ya ibada nikamuuliza kama amepata barua yako.

Sabato iliyopita kabla ya hii, tarehe 23, tulikula kwake baada ya kanisa. Alisimama kuombea chakula. Akamwombea kila mtu kwa jina. Alipofika kwako akasema, "Ee Bwana, mtazame Manasseh wangu. Mpe moyo wa kuangalia kazi yake. Mfanye awe kama Alfayo."

Sikuweza kula. Esnah alidhani ninaumwa. Usiku kucha nilijigeuza, na asubuhi ya Jumapili nikaenda kwake, nikamkuta anatandaza pareto kwenye mkeka. Nikamwambia yote: sanduku, mti, mvua niliyoisingizia, hospitali. Hakunikatiza. Aliendelea kutandaza yale maua mpaka mkeka ukajaa. Mwishowe akaniambia, "Mimi sikuwa huko msituni. Kamwambie mwenye mguu."

Nilipoondoka hakunisindikiza. Unajua jinsi alivyo. Hajawahi kumwacha mtu atoke kwake peke yake.

Jumatano akaja hapa. "Umeandika?" Nikasema bado. Akaniuliza ninangoja nini, nikamwambia naogopa. Kwa hiyo Alhamisi nikaanza na lile lililonitisha zaidi. Nilimwandikia msimamizi huko Kwale nikaeleza kwamba uliniagiza vizuri, kwamba sikutii, na kwamba nilidanganya. Barua hiyo nimeituma kwa rejista, imeshaondoka. Nakala yake iko ndani ya bahasha hii. Ni yako, uipeleke ofisini, uisome, au uichome, lakini ile ya kwanza haitegemei wewe kuibeba.

Nakala nyingine nilimpa bwana mkubwa wangu hapa Kisii. Aliisoma mara mbili. Akauliza kama kuna mtu aliyenilazimisha kuandika. Nilipokataa, akaifungia kwenye mtoto wa meza. Ijumaa akaniita akaniambia kuanzia Jumatatu nitakuwa kitaluni, kumwagilia na kupalilia miche, na kiti cha ukarani atakipata mwingine. Sikumlaumu. Esnah alilia kidogo, kisha akatafuta suruali yangu ya zamani akaanza kuitia kiraka.

Sasa hivi mama ameniambia nimsomee niliyoandika. Nimemsomea kwa Kigusii, polepole. Amesema, "Nimemlaumu mtoto wangu bure. Hilo ni langu, usiliandike kama lako. Nitamwambia mwenyewe uso kwa uso." Kisha akaniuliza nauli ya kwenda Kwale ni ngapi, na kama wazee huketi mbele kwenye basi.

Basi tumekubaliana. Shule zikifungwa mwezi ujao nitamleta, maana ndipo nitakapopata ruhusa. Atakaa kwako kadiri utakavyopenda. Mimi si lazima nikae. Naweza kumfikisha nikarudi siku hiyo hiyo.

Sikuombi unisamehe katika barua. Nilikudanganya uso kwa uso nawe umelala kitandani. Kuomba msamaha nikiwa umbali wa siku mbili kwa basi ni kujificha tena. Lakini ukiona hutaki kuniona, niandikie neno moja tu, "usije," nami nitamtafutia mama mtu mwingine wa kusafiri naye. Usipoandika kitu, nitakuja.

Wasalimie shemeji Persis na watoto. Huku baba yangu mzee Zachariah anakusalimu, ingawa bado hajui. Nitamwambia leo jioni, kabla hajasikia kwa watu. Dada yangu Drusilla naye anauliza kama ulipokea picha ya harusi yake.

Mungu aliyekushika pale korongoni azidi kukushika, akupe nguvu ya mguu na amani ya moyo ambayo mimi nilikunyima.

Nikifika, kaka, nitashuka kwenye basi barabarani na kupanda kwa miguu hadi getini. Utaniona kutoka mbali. Usiharakishe kuinua ule mti, na wala usisumbuke kunisalimu. Nitasimama upande wa nje, na mimi ndiye nitakayeanza kusema.

Ndimi mdogo wako, akupendaye ingawa hakukutendea hivyo,

Alfayo Mogire