Jina Ulilolinyamazia

Bashay, mwezi wa saba, wiki ya kuvuna maharage. Mwaka wa arobaini na mbili tangu tuhame Gendabi.

Mama Daniel,

Mkwe wetu amepona. Naanza na hilo kwa sababu ungeniuliza hilo kwanza, kabla hata ya mifugo.

Hukumwona Anna, Daniel alimwoa miaka mingi baada ya kukuzika. Juzi alipandwa na homa, kifua kikambana, na mumewe alikuwa mnadani, hivyo nikampeleka zahanati mimi. Niliketi kwenye benchi la mlangoni nikiwa nimeshika fimbo kwa mikono miwili. Ni mlango ule ule ulioingia wewe.

Unakumbuka siku trekta za shamba la ngano la serikali zilipofika kwenye boma letu. Ulijitwika kibuyu cha maziwa ukasema, "Baba Daniel, sasa ng'ombe watajifunza kula chapati?" Ulicheka peke yako. Tulipohamishwa, daktari wa Gendabi alizifunga kadi zetu kwa kamba akazituma huku kabla yetu, zikapangwa kwa jina la mkuu wa kaya. Yako ilikuwa chini ya jina la baba yangu, na juu yake kwa wino mwekundu: asichomwe penisilini. Kule hakuna aliyewahi kukuuliza jina hilo. Daktari alitujua kwa sura.

Huku walikuuliza. Mimi nilikuwa mbali, natafuta malisho. Daktari wa hapa alinisimulia baadaye. Ulisema, "Mimi ni Mama Daniel." Akasema, "Mama, akina Daniel ni wengi. Kaya ya nani?" Ukainama. Mwanamke wa kwetu halitamki jina la baba mkwe, hata akiwa anaungua kwa homa, na yeye alikuwa mtu wa mbali, hakulijua hilo. Alidhani huna kadi. Akakuchoma sindano ya penisilini. Kadi ilikuwa kwenye droo, nyuma ya kiti chake.

Na Anna naye halitamki langu. Nyumbani naitwa Babu Elia, kwa jina la mjukuu. Nilikuwa nimeshainuka niingie, nilitamke mwenyewe. Lakini daktari, kijana wa kutoka Songea, hakuuliza jina la mzee yeyote. Aliuliza namba ya simu. Akabonyeza kompyuta, akasoma, akasema, "Dada, ulipojifungua Katesh dawa ya salfa ilikuletea malengelenge. Leo hatuigusi."

Nilitoka nje. Mama Daniel, nililia pale kwenye ua, watu wakiniona.

Niliporudi nilimwuliza kama anaridhika na mashine yake. Akacheka. "Babu, umeme ukikatika naichukia. Na wagonjwa wanalalamika kwamba naitazama yenyewe, siwatazami wao. Lakini nikifika nyumbani napata usingizi." Nikamkumbuka daktari yule aliyekuchoma. Yeye aliomba uhamisho mwaka ule ule, na siku ya kuondoka alipita kwetu akashindwa kuaga.

Kisha kijana akafungua taarifa zangu, kwa ajili ya dawa ya presha. "Mbona umeandikwa mgeni? Kijiji, Gendabi?"

"Ndiko kwetu," nikasema.

"Shikamoo, mgeni," akasema. "Mgeni gani huyu ana mashamba na wajukuu?"

Anna, pamoja na homa yake, alificha kicheko kwenye mtandio. Hakujua. Siku ile ya sindano, nilipotoka na ng'ombe alfajiri, neno lako la mwisho kwangu lilikuwa swali: "Tutarudi lini?" Nilijibu kwamba tutazungumza jioni. Tangu hapo, kila mtu aliyeshika kalamu mbele yangu nilimwambia Gendabi, kwa sababu kusema Bashay ingekuwa kukujibu.

Nilitazama kioo cha ile kompyuta. Jina la Anna lilikuwa pale, na la watoto wake, na chini yao nafasi yangu. Nikamwambia kijana aandike Bashay.

Nitaendelea kupalilia kaburi lako, kwa kadiri magoti yatakavyokubali. Nimemwonyesha Daniel mahali pangu, upande wako wa kushoto, kama ulivyopenda kulala, mimi nikiwa ukutani. Pumzika, mke wangu. Nakuachia salamu za Anna, ambaye yuko hai.

Uliuliza tutarudi lini. Sitarudi.