Umezikwa Kaloleni, Baba

Kaloleni, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu, na salamu hii uipokee ukiwa umekaa. Mguu je? Ile dawa ya kuchua uliyonunua sokoni inasaidia, au umeiacha dirishani kama ile nyingine? Na chakula unakula, au unamwambia Shangazi umeshiba kabla hajapakua? Najua tangu Mama atutoke nyumba imekuwa kubwa kwako. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaochemka, na leo nitakueleza kwa nini, maana jambo lenyewe linakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Baba, huku Kaloleni wewe ni marehemu. Umezikwa, umeliliwa, na ukumbi mzima umesimama kimya kwa heshima yako. Usicheke kwanza. Ngoja nianzie mwanzo.

Unakumbuka kile kikundi chetu cha michezo ya kuigiza alichokusimulia Mama aliporudi kutoka kwangu. Wachezaji hawana kitabu cha maneno. Watazamaji wanatoa neno moja tu, nao wanalijengea mchezo papo hapo. Sisi wa kamati hatuchezi na hatulipwi. Kazi yetu ni kuomba ukumbi, kubandika matangazo, kupanga viti na kugombana. Mimi nilikuwa katibu, na mwenyekiti ni Bwana Absalom, karani wa mjini, mtu wa tai hata siku ya Jumamosi.

Mchezo wetu una sheria moja kubwa: jukwaani hakuna hapana. Mwenzako akikuambia wewe ni mfalme, unajibu, "Ndiyo, tena," kisha unaongeza lako. Ndiyo, tena taji langu limeibwa. Ndiyo, tena mwizi ni mke wangu. Sheria hiyo aliileta Absalom mwenyewe na anaishika kama amri za Musa. Nimemwona akimteremsha mchezaji jukwaani mbele za watu kwa sababu ya hapana moja iliyomponyoka. Hata mtazamaji akiitwa apande, hakatai. Ishike sheria hiyo, Baba, utaihitaji.

Siku habari za Mama ziliponifikia nilipita ukumbini kuaga. Absalom alikuwa mlangoni akiwaelekeza watu waliokuwa wakiingiza viti. Nikamwambia, "Mwenyekiti, nimefiwa na mzazi. Nasafiri leo." Neno mama lilikataa kutoka, Baba. Nilijua nikilitamka nitaanguka palepale, ndiyo maana nikasema mzazi. Akanijibu, "Pole sana, dada," halafu akageuka kuwaambia watu wasiburute viti. Hakuuliza mzazi yupi. Na huyo ni mtu aliyekula kuku wa Mama mezani kwangu, akaomba kuongezwa mchuzi.

Niliporudi baada ya matanga, kila niliyekutana naye aliniambia, "Pole kwa Mzee." Mimi nikadhani wanakutumia wewe pole kwa kufiwa na mke. Nikawa najibu, "Asante, nitamfikishia." Watu wakawa wananiangalia kwa jicho la ajabu. Sospeter, yule kijana mrefu anayecheza wazee jukwaani, akanisimamisha karibu na duka. "Sista, pole kwa buda," akasema, na buda ndiye baba kwa lugha ya vijana wa hapa. Nikamwambia buda anaendelea vizuri, jana kala viazi. Akavua kofia, akaishika kifuani, akaenda zake. Bila shaka aliona huzuni imenigeuza akili.

Aliyenifumbua macho ni Mama Zipora, jirani yangu na mwanakamati mwenzangu. Aliniletea uji, akakaa kitandani, akasema, "Lakini mwenyekiti alijitahidi, jamani. Kusafiri mpaka kwenu kumzika Mzee."

Nikamwuliza, "Mzee gani?"

"Baba yako."

"Mama Zipora, aliyekufa ni mama yangu."

Akauweka uji chini. Kisha akanieleza. Nikiwa kwenye matanga, Absalom alisimama mbele ya kamati, wachezaji na wazee wa mtaa, akasema ndiyo kwanza anatoka kwetu magharibi kumzika mzee wa dada yetu. Alisema alimwaga udongo kaburini kwa mkono wake huu. Alitoa kitambaa, akafuta macho. Halafu akasema dada yetu amevunjika moyo, hebu tumpumzishe, na ukatibu akampa shemeji yake, mtu ambaye hajawahi kubeba hata kiti kimoja. Watu wakapiga makofi kwa huruma. Nani angepinga, na mwenyekiti ana machozi?

Ukatibu uliniuma, sitakudanganya. Lakini lililonichoma hasa ni Mama. Lile pazia la jukwaa alilishona yeye, kwa mifuko ya unga, mwezi ule alioishi nami. Alilifua mara nyingi mpaka maandishi ya unga yakatoka, akalitia rangi, akalitundika akiwa juu ya meza huku mimi nimeshika miguu ya meza nikimwomba ashuke. Absalom alisimama mbele ya pazia hilohilo akamlilia mtu aliye hai, na aliyelishona hakupata hata neno moja. Hapo, Baba, roho yangu iligeuka. Nilimtaka alipe, na bado namtaka alipe.

Mama Zipora akaniuliza, "Utamwendea ofisini?"

Nikamwambia, "Nitamwendea jukwaani."

Jumamosi iliyofuata alasiri ukumbi ulijaa, na diwani wetu alikuwa amekaa mbele. Nilivaa nguo nyeusi, nikafunga kitambaa cheusi, nikakaa benchi la mbele, upande wa pili. Absalom akasimama chini ya jukwaa, mbele ya pazia la Mama, akanyoosha mikono kama kawaida yake. "Tupeni neno."

"Mazishi," nikasema. Sikupaza sauti.

Alijifanya hakusikia, akageukia upande mwingine. Lakini sheria ni neno la kwanza, na Sospeter alikuwa ameshalipokea. "Ndiyo, mazishi. Tena ya nani?"

"Ya mzazi wangu. Na mwenyekiti alikuwepo, apande atuonyeshe."

Ukumbi ukasema eeh. Akapanda, anarekebisha tai. Sospeter akaanza kuchimba kwa jembe lisilokuwepo, akapangusa jasho, akasema, "Mwenyekiti, umetoka mbali."

"Ndiyo, tena nimetembea kutoka barabara kuu."

"Ndiyo, tena mvua imekunyeshea."

"Ndiyo, tena sikujali. Nilitaka kuuona uso wa Mzee." Hapo akanogewa, ungemwona. Macho yakaanza kulowa. "Alikuwa ametulia, ndevu zake nyeupe zimefika kifuani."

Wewe, Baba, ambaye hujafuga ndevu hata siku moja. Wanawake nyuma yangu walikuwa wanalia. Nikainuka, nikapanda jukwaani, nikasimama karibu naye mpaka nikanusa mafuta ya nywele zake.

"Ndiyo," nikasema, "tena kabla hajakata roho Mzee alikutaja kwa jina."

"Ndiyo, tena alinipenda kama mwanawe."

"Ndiyo, tena aliacha neno. Alisema mwenyekiti arudi na kamati nzima, na diwani wetu, wanywe chai nyumbani kwake Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao."

Akaniangalia. Nadhani ndipo alipoona kwamba macho yangu ni makavu. Watu wote walikuwa wanangoja, na kila mmoja wao anajua nini hutokea kwa anayesema hapana.

"Ndiyo," akasema, akishika tai. "Tena tutakuja na shada la maua."

Watu walisimama kumpigia makofi. Diwani akampa mkono, akatangaza kwamba gari la kutubeba litakuwa lake.

Mama Zipora alinilaumu kwa kutomuumbua palepale. La. Kaloleni wangecheka wiki moja, halafu angesema alichanganya, msiba ni msiba. Juzi alikuja mlangoni kwangu, kofia mkononi, akasema kamati ina shughuli nyingi mwezi ujao, na kwamba amefikiri, ukatibu nirudishiwe. Nikamwambia, "Ndiyo, mwenyekiti. Tena tutalizungumza mbele ya Mzee." Hajalala vizuri tangu hapo, mke wake amemwambia Mama Zipora. Nimefurahi kusikia.

Basi nisikilize. Siku hiyo nyoa ndevu asubuhi, zisionekane hata kidogo. Vaa lile koti jeusi la harusi yangu. Weka kiti langoni, ukae. Kama wazee wa ukoo watasema mtu aliyetangazwa kufa akiwa hai lazima achinjiwe kondoo wa kumtakasa, wakubalie, na wakiuliza kondoo atatoka kwa nani, waambie mwenyewe yuko njiani.

Akishuka na shada lake, mpe mkono. Usimkemee, wala usimkatalie lolote. Akiuliza kaburi la Mzee liko wapi, sema, "Ndiyo, karibu. Tena Mzee ni mimi." Usiongeze neno jingine, mwache diwani na kamati wakuangalie mpaka watosheke. Kisha mpeleke nyuma ya nyumba kwa Mama. Usimwambie ni nani, asome jina lake msalabani kwa mdomo wake mwenyewe, watu wote wasikie. Halafu mpe jembe. Nyasi zitakuwa zimeota na udongo umetitia upande wa miguu, niliuona siku naondoka. Alisema alimwaga udongo kwa mkono wake. Sasa aumwage.

Nisalimie Shangazi aliyebaki kukupikia, mwambie sukari naja nayo mimi. Nisalimie mdogo wangu wa mwisho, aache kumkimbiza ng'ombe wa watu. Yule jirani wa ng'ambo ya mto aliyetuazima sufuria za matanga, mwombe uvumilivu, asizichukue bado, tutakuwa na wageni. Na ukienda kumwamkia Mama asubuhi, mwambie pazia lake bado linang'aa.

Ni mimi binti yako wa pili, ambaye bado ana baba,

Nekesa