Bango Lenye Mshono Mwekundu

Mama Mdogo Malsun,

Kimchi, ile kabichi yako iliyochachushwa, imefika, ila mfuniko ulilegea njiani na sasa, kwa harufu yake, bweni zima linajua nina ndugu mjini Jeonju.

Wanafunzi wapya wameingia, na kila chama kimetundika bango la kuwakaribisha langoni mwa chuo. Letu, la sisi tunaopenda wenzetu wa jinsia moja, liliandikwa: "Karibu, hata wewe unayeogopa kusimama hapa." Jumatatu asubuhi tulilikuta limechanwa kwa kisu.

Tukakaa kwenye ngazi kulishona kwa uzi mwekundu. Mama Bongnam, anayefagia maktaba, akaja kusimama mbele yetu. Nikajua hapa ni matusi tu.

"Mnashona bango au mnafunga gunia la viazi? Hebu sogea huko!"

Akavua glavu, akashona mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Mama, umesoma kilichoandikwa?" nikamuuliza.

"Nimezeeka, sijapofuka."

Limerudi langoni, na mshono unaonekana hata kutoka barabarani. Jana binti mmoja kati ya wale wapya alisimama chini yake, akalisoma lote, bila kugeuka kuangalia nani anamwona.

Mama yangu bado hajui kuwa katibu wa chama ni mimi. Nitamwambia sikukuu ya mavuno, mkiwepo mezani ninyi wote wawili.

Miaka yote nimekuwa nikimalizia barua zangu kwako, "Nisalimie rafiki yako Okhui." Ameishi nawe tangu sijazaliwa, nami naandika rafiki! Leo msomee hivi: Shikamoo, Mama Mdogo Okhui.

Mwanenu,
Garam