Mzigo wa Doto

Itetemia, Tabora
Jumapili jioni

Mdogo wangu mpendwa Shija,

Najua umeona mwandiko wangu tu na tayari umesema shikamoo peke yako hapo sebuleni, kwa hiyo naanza kwa kukujibu: marahaba, mdogo wangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wajukuu, na kwamba unameza vidonge vya presha kila siku, si siku unazojisikia vibaya tu. Mvua imeanza huko Kabwe? Hapa bado. Mimi sijambo. Magoti yananilalamikia, midomo imebabuka kwa jua, ukucha mmoja wa mguu umeniaga, lakini nakula vizuri na nalala vizuri kuliko wakati wowote tangu tulipomzika ndugu yetu Doto.

Siku ile ulipokuja kunisindikiza kituoni Kapiri uliniambia kwamba mzee wa umri wangu anayekwenda kushindana baiskeli na vijana amerukwa na akili, kisha ukanipa maandazi ya njiani. Maandazi yaliisha kabla ya Mbeya. Hilo la akili utaamua mwenyewe ukimaliza kusoma.

Unajua jinsi mambo yalivyoanza. Doto ndiye aliyesikia kwanza habari za mashindano haya ya baiskeli za milimani, ya kutoka Manyoni hadi Tabora kwa kufuata njia ya zamani ya misafara, watu wakilala kwenye mahema kila jioni na kuendelea asubuhi. Ndiye aliyetuandikisha sote watatu, mimi, yeye na Chilongani, yule Mgogo tuliyejenga naye reli, aliyekuwa akila ugali wetu kambini Mpika huku akituita punda wa Unyamwezi. Sharti ni kwamba timu ya watatu lazima imalize kila siku pamoja. Doto alipofariki, nafasi yake aliichukua Adinani wa Mtendeni, pale Tabora mjini, aliyesoma naye darasa moja. Na wewe mwenyewe ulikunja koti la Doto na kofia yake ukavitia kwenye begi la mgongoni, kwa sababu hata wewe unakumbuka alivyotuambia babu.

Babu alibeba pembe za ndovu mpaka pwani na akarudi hai. Alisema kwamba mtu wa kwao akifia njiani, mwenzake aliuchukua mzigo wake na kuufikisha nyumbani kwa mabega yake. Haukupandishwa juu ya punda, haukuachiwa mtu baki. Mzigo ukifika hivyo, mwenyewe alihesabiwa kuwa amerudi. Usipofika hivyo, alihesabiwa bado yuko njiani, na mama yake aliendelea kumtengea chakula. Mwaka 1974 nyumba yetu ilipoezuliwa ili tuhamie kijiji kipya, mimi na Doto tulikwenda kutafuta kazi ya reli, tukiahidi kurudi mavuno yakifika, na hatukurudi. Nilitaka basi mmoja wetu ahesabiwe kuwa amerudi. Sikuwa na shabaha nyingine katika mashindano yale. Tulikuwa wa mwisho siku ya kwanza, na wa mwisho ya pili, na sikujali.

Siku hizo za mwanzo zilikuwa ngumu, lakini zilikuwa na raha yake. Baada ya Itigi unaingia kwenye vichaka vilivyofungamana kiasi kwamba upepo haupiti, na barabara ni mchanga unaokamata tairi kama mkono wa mtu. Miiba ilitutoboa mara nyingi mpaka Adinani akasema gundi ya viraka tungeinunua kwa debe. Nyuma ya wote lilikuja gari la kuokota waliochoka, ambalo vijana waliliita Ufagio. Kila niliposikia mlio wake nilikanyaga pedeli kwa nguvu zaidi. Chilongani alinipigia kelele kwamba hajawahi kumwona Mnyamwezi anayekimbia gari la bure, kwamba baba zangu walikatiza Ugogo wakiomba maji kwa baba zake na hata asante hawakusema. Nilimjibu kwamba asante ilikuwepo, ila baba zake walikuwa wameshalewa, hawakuisikia. Vijana wa timu nyingine walicheka hadi wakaangusha baiskeli.

Sasa sikiliza lililotokea Tura.

Asubuhi tulipokuwa tukinywa uji, Chilongani alilichukua begi langu kimyakimya, akalirusha kwenye lori la mizigo, akaniwekea begi lake mahali pale pale. Mabegi yalikuwa ya rangi moja, tuligawiwa na wenye mashindano pale Manyoni, nami nikahamishia humo vitu vya Doto. Ndani ya lake alitia blanketi tu. Mimi nikalivaa, nikaondoka. Nilipoona mgongo ni mwepesi nilimshukuru Mungu kwa nguvu mpya! Siku nzima niliendesha kama kijana, na jioni tulifika Goweko bila hata kuusikia Ufagio.

Pale Goweko, mbele ya mahema yote, Chilongani alipiga magoti kwa kicheko. Akawatangazia watu waje wamwone mjukuu wa mpagazi anayevuliwa mzigo asijue, akasema mababu zangu wanalia huko waliko. Kila mtu alicheka, na Adinani alicheka. Kisha begi langu likashushwa kutoka kwenye lori.

Shija, unajua kwamba mtu hamkasirikii mtani wake. Sikukasirika. Nilikaa chini tu mchangani, nikalipakata lile begi. Chilongani alipoona sijibu matusi yake akaacha kucheka, akauliza kuna nini. Ndipo nilipomweleza habari ya babu, na kwamba mzigo wa Doto, ambao hata ndani ya treni niliubeba mwenyewe mabegani, ulikuwa umepita kipande kizima cha njia kwa gari. Alivua kofia yake akaishika kifuani kama yuko kanisani.

Nilikwenda kwa mkuu wa mashindano, binti mmoja anaitwa Julieth, mkali lakini mwenye adabu. Nikamwambia naomba gari linalorudi Tura kuchukua mapipa ya maji linibebe na baiskeli yangu, nikairudie njia ile kwa miguu yangu. Aliniamkia shikamoo kwa mara ya pili siku ile, akasema kanuni haziruhusu, kwamba nikirudi jina langu linafutwa, mashindano hayatanisubiri, na nyuma yangu hakutakuwa na daktari wala Ufagio. Nikamwambia vizuri, huo Ufagio ndio nisiotaka kuuona. Akauliza na wenzangu je, maana jina la timu nzima litafutwa. Kabla sijajibu tukasikia kishindo nyuma yetu. Chilongani alikuwa ameshapandisha baiskeli tatu kwenye gari na Adinani anazifunga kamba, akinung'unika kwamba amewaalika ndugu wote wa Mtendeni waje kumshangilia, na sasa atawaambia nini.

Tulilala Tura. Kesho yake tukairudia njia. Sikukuficha yale magumu mengine, na hili sikufichi: nilianguka, na mara moja nilikaa nikadhani sitainuka tena. Begi lilikuwa zito kama limejaa mawe. Chilongani alitaka kunipokea mzigo, nikakataa, hakubishana. Alibeba maji yetu sote, na njia nzima hakunitania hata mara moja, jambo lililonitisha kuliko mchanga. Adinani alitangulia kututafutia mahali penye udongo mgumu pa kupita. Tulipolala Goweko mahema hayakuwapo tena. Tulipopita Igalula watoto walituuliza kama tumepotea. Tulipofika Tabora mashindano yalikuwa yamekwisha jana yake, na pale pa kumalizia palikuwa na mtu mmoja anakunja turubai. Tukampungia mkono tukapita, moja kwa moja hadi kwetu Itetemia.

Binti wa baba mdogo, Theodora, alitupokea. Alinitambua kwa masikio, alisema. Kiwanja chetu sasa ni shamba lake la karanga, lakini makaburi ya baba na mama ameyatunza.

Sasa nikwambie nililokuficha Kabwe. Begi halikuwa zito kwa sababu ya koti na kofia. Chini yake, kwenye mfuko wa kitambaa, kulikuwa na udongo wa kaburi la Doto. Niliuchukua alfajiri ya siku niliyoondoka, bila kukuuliza, kwa sababu nilijua utalia na mimi nitaghairi. Kwa hilo naomba radhi.

Tulichimba shimo dogo pembeni mwa mama. Nilipoutoa ule mfuko Chilongani alielewa, na papo hapo akarudi kuwa mtani. Alijitupa shimoni. Halikumtosha, aliingiza makalio tu, miguu ikabaki juu, akatangaza kwamba maiti hii haizikwi mpaka watani wapewe haki yao. Theodora alimpa kuku, akamkataa. Nikampa kofia yangu, akasema imejaa jasho la Kinyamwezi. Adinani alikuwa akicheka na kujifuta machozi kwa pamoja. Hatimaye Chilongani akasema anataka baiskeli yangu, kwa maana mtu aliyekwisha kufika kwao haihitaji.

Nilikuwa na tiketi ya kurudi, Shija. Nilimtazama yule mzee aliyekaa shimoni, nikaitazama baiskeli, nikampa. Akainuka, akajipangusa vumbi, na tukamweka ndugu yetu.

Kwa hiyo sirudi. Theodora amenipa chumba cha uani, na sehemu ya shamba karibu na makaburi nitapanda mwenyewe mvua ikinyesha. Kaburi la Kabwe liangalie, bado ni lake pia. Vitabu vyangu wagawie wajukuu, isipokuwa Biblia ya Kinyamwezi ya baba, hiyo nitumie. Na ukitaka kuja, panda treni, kisha basi, ulete na uzee wako polepole. Wewe hubebi mzigo wa mtu, hakuna atakayekudai chochote, ingawa Chilongani amekaa Ipuli, hapa Tabora, kwa rafiki yake na anasema atakungojea stendi.

Theodora anakusalimu, na Adinani pia. Wasalimie wajukuu mmoja mmoja kwa majina yao, na majirani wote. Jioni hii, kabla ya kula, nilimwona Theodora akipanga sahani. Nilimwambia ya Doto asiitenge, ameshafika.

Ni mimi kaka yako,
Silasi Kulwa,
wa Itetemia